Vitabu Vyenye Uzi

Laiti asubuhi ile ningenunua ndizi. Ndizi ina ganda lake, mtu anamenya, anakula, anatupa, mambo yamekwisha. Lakini baba alipenda karanga, na mimi nilikuwa tayari kumpa chochote ili mradi atulie ufukoni pa mji wa Baraka, kando ya ziwa, mpaka boti ijae. Nikanunua karanga kwa mama mmoja aliyekaa karibu na mitumbwi, zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa ncha. Baba alizila zote, kisha akaikunjua ile karatasi, akailaza juu ya paja, akainyoosha kwa kiganja na kuanza kuisoma.

Niliona hatari mapema. Baba alikuwa mwalimu, tena mkuu wa shule, direktere kama tunavyosema kwetu, na mtu wa namna hiyo akishika karatasi iliyoandikwa huwezi kumbandua. Nilimwambia aitupe. Akaigeuza upande wa pili.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya nchini kwetu. Tulikuwa tumeteremka kutoka Fizi, juu milimani, kwa miguu, mimi na yeye, na begi moja na sufuria, tukilala kwa watu. Kule Fizi walimu walikuwa wanaitwa na kila upande. Leo wenye bunduki wa mjini wanataka kujua kwa nini watoto wa watu wa msituni wanasoma kwako, kesho wale wa msituni wanataka kujua kwa nini umeonekana unacheka na askari wa mjini. Baba alikuwa ameitwa na wote na akarudi, na mimi sikutaka kungoja siku ambayo hatarudi. Kaka yangu alishavuka ziwa, yuko kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania. Nilikuwa na kazi moja tu duniani, kumpandisha baba kwenye boti, na tangu tulipotoka nyumbani roho yangu ilikuwa juu juu, kwa sababu alikubali kuondoka kwa mdomo lakini miguu yake haikukubali. Kila tulipopumzika aligeuka kuangalia milima.

Mwenye boti alikuwa mtu mkavu. Injini alikuwa ameificha chini ya turubai na mafungu ya mihogo, maana siku zile askari walikuwa wakiona injini wanaichukua, na ukiuliza sana wanakuchukua na wewe uiendeshe. Kila abiria aliambiwa neno lile lile: "Bwato ikijaa, tunaenda. Mi siiti muntu mara mbili."

Baba akamwonyesha mama wa karanga ile karatasi. "Iyi unaitoa wapi, mama?"

"Ku depo ya bitabu, papa. Nyuma ya soko, mu nyumba ya zamani ya pamba. Siye bote ba karanga tunanunua kule."

"Iko ya mwaka wa tano," baba akaniambia, akaninyooshea karatasi kana kwamba mimi ndiye niliyeichana. "Kitabu ya kusoma ya mwaka wa tano!"

"Papa, bwato itatuacha."

"Kidogo tu. Naangalia, narudi."

Hiyo "kidogo tu" ya baba naijua tangu utoto. Ndiyo iliyokuwa inatuchoma kwenye jua nje ya kanisa, yeye yuko ndani anamalizia neno moja na mchungaji. Nikamwomba mama wa karanga aniangalizie begi, nikamfuata mbio mbio, maana alishaanza kutembea.

Nyumba ya pamba ilikuwa ghala refu la zamani, lililojengwa wakati ule wenyeji walipolazimishwa kulima pamba, na tangu pamba ife kila mtu alikuwa amelibandika kitu: kibanda cha mabati huku, ukuta wa matofali mabichi kule, paa la nyasi pale bati lilipoibiwa. Ndani kulikuwa na vitabu. Sijawahi kuona vitabu vingi namna ile, wala sikujua kwamba nchi yetu ilikuwa navyo. Vilijaa kwenye vichanja vya kukaushia dagaa. Vilijaa kwenye mtumbwi mbovu uliopasuka tumbo, na kwenye birika kubwa la kuogea la wazungu ambalo mguu wake mmoja ulikuwa umekatika. Vingine vilikuwa chini tu, vimekauka na kupinda baada ya kunyeshewa, na mbuzi alikuwa amelala juu yake akitafuna bila wasiwasi. Kutoka chumba cha kwanza ulipita kwenye tundu la ukuta kwenda cha pili, na cha pili kikakupeleka kwenye kibanda, na kibanda kwenye chumba kingine chenye giza, na kote huko ni karatasi, na harufu ya dagaa na panya.

Nilielewa bila kuambiwa vilikotoka. Vita inapopita, watu hubeba godoro kwanza, halafu sufuria, halafu redio. Mwenye nyumba akishakimbia, anayekuja nyuma anabeba milango na mabati. Vitabu huchukuliwa mwisho kabisa, na yule asiyepata kitu kingine. Hapo palikuwa na vitabu vya shule, vya misheni, vya zahanati, vya maofisi, katekisimu, vitabu vya ukulima wa kahawa, vya kuzalisha wanawake, vya Kilatini, na kimoja kikubwa kilichoeleza namna ya kutengeneza treni, hapo Baraka ambako hakuna aliyewahi kuona reli.

Mwenye depo alikuwa mama mnene, mchangamfu, wa watu wa ziwa, aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya mafungu akipima vitabu kwa mzani wa samaki. Baba alimsalimia kwa heshima, akauliza anavipanga namna gani, kwa maana yeye haoni mpango.

"Mpango iko, papa," akasema, akaanza kumwonyesha kwa mkono. "Bile bya karatasi ngumu ni bya karanga. Bya karatasi laini, bya mandazi, inakunywa mafuta muzuri. Bile bidogo bya karatasi nyepesi, bya kanisa, ni bya batu ba tumbaku. Bya kung'aa habina kazi, mafuta inapita tu. Na bifuniko bigumu, bamama banapepea nabyo moto ya makaa."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilikuwa sijacheka tangu Fizi. Baba hakucheka. Alisimama pale na kofia yake mkononi.

"Mama," akasema, "kitabu inasomwa."

"Anayetaka kusoma anasoma, papa. Jana infirmier wa zahanati alikuja hapa, alipata kitabu ya madawa, alitoka anacheza. Mi sikatazi muntu kusoma. Lakini basomaji banakuja mara ngapi? Na mandazi banakula kila siku."

Baba akageuka akaingia kwenye mafungu. Mimi nilikwenda mlangoni kusikiliza injini. Hakuna kitu. Nikarudi. Alikuwa ameshapita tundu la ukuta. Nikatoka tena, nikakimbia mpaka ufukoni, nikahesabu abiria kwa macho nikaona bado nafasi ipo, begi letu lipo, mama wa karanga yupo. Mwenye boti alikuwa anatazama barabara ya juu kwa namna ambayo sikuipenda. Nikauliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, batu banasema tu. Watu wanasema nini? Banasema askari banashuka. Nikarudi mbio. Nilijichukia kwa kukimbia kule na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, lakini nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nikiwa ufukoni nilihofia baba, nikiwa kwa baba nilihofia boti.

Nilimkuta katika kibanda cha mabati, amepiga magoti, anachambua. Alikuwa anatafuta muhuri wa shule yake. Shule ilikuwa na chumba kimoja cha vitabu, kitu ambacho shule nyingi za kwetu hazikuwa nacho, na katika vita ya kwanza tulipokimbilia porini kilifagiliwa chote. Baba aliporudi alikuta rafu tu, na baadaye rafu pia zikaenda. Hakulisema sana jambo hilo. Sasa nilimwona anachukua kitabu, anafungua ukurasa wa kwanza, anakitupa, anachukua kingine, na mikono yake inakwenda kasi kama ya mtu anayetafuta mtu kwenye vifusi.

"Papa, tuende. Banasema basoda banashuka."

"Kama hii ya mwaka wa tano iko hapa, na bingine biko hapa."

"Na ukibipata utabipeleka wapi? Mu bwato?"

Akavuta fungu jingine. Mwenye depo alikuwa ametufuata, amesimama kwenye tundu la ukuta, na alimwonea huruma, nadhani, au alichoka kuona mafungu yake yanavurugwa. "Papa unatafuta bya école gani?" Baba alimtajia shule yake. Mama yule akatikisa kichwa, jina halikumwambia kitu. "Biko namna gani?"

"Bifuniko byake ni bya karatasi ya mufuko ya simenti. Na bimeshonwa. Na uzi ya wavu."

"Aaa!" mama akapiga makofi. "Bile! Bile byenye uzi! Papa, bile bilinitesa!"

Akatuambia jinsi vilivyomtesa. Alivinunua magunia mazima kwa vijana waliovishusha kutoka Fizi, akavipima, akawauzia kina mama wa karanga, na kabla ya jua kuzama walimrudishia wote huku wanamtukana. Havichaniki. Ukivuta ukurasa, uzi unaukamata katikati, unabaki na kipande kisichoshika hata karanga za mtoto. Ukikata uzi kwa kisu mahali pamoja, mahali pengine bado unashika. Mama mmoja alijaribu kwa meno. Mwishowe mwenye depo alikubali hasara, akavipokea vyote.

"Biko wapi?" baba akauliza.

"Nalala juu yabyo," akasema.

Na ilikuwa kweli. Katika kile chumba chenye giza alikuwa amevipanga kama matofali, akaweka mbao, akatandika mkeka. Kitanda kizima. Baba alibaki amekitazama. Kisha akamwomba ruhusa ya kukivunja, na nilidhani mama atatufukuza, lakini alikunja mkeka mwenyewe, akasaidia kuinua mbao, na vyote vikaonekana, migongo yake ya karatasi ya simenti ya kahawia, na uzi wa kijani wa nailoni umepita juu chini, juu chini, umekazwa, na chini ya kila mgongo fundo moja dogo gumu.

Hapo ndipo hata mimi niliacha kusikiliza injini kwa muda.

Mama yangu ndiye aliyevishona. Kila likizo kubwa vitabu vya shule vilikuja nyumbani kwetu kwenye vichwa vya wanafunzi, vimechanika, vimelegea, na mama alikaa mlangoni pa jikoni na sindano ya gunia akavishona kimoja kimoja. Alikuwa ameolewa kutoka ufukoni, kwa wavuvi, akapandishwa milimani kwa baba, na uzi ulikuwa unaletwa na ndugu zake wakija kutusalimia. Akimaliza kitabu alifunga lile fundo, akakata uzi kwa meno, akakitupa upande bila kukitazama tena. Hakuwa msomaji. Alikuwa anapiga soga na jirani huku anashona, na akimgombeza mtu alimnyooshea sindano. Kuhusu fundo hatukuwahi kujiuliza. Mtu wa wavu anafunga fundo la wavu, basi, ndivyo tulivyoamini sote, baba na mimi na kaka yangu, na wanafunzi waliokuwa wanaliita hivyo.

Alikufa katika vita ya kwanza, njiani kuelekea Lulimba, kwa kuhara. Walimzika kando ya njia watu ambao nao walikuwa wanakimbia, na baba alikuwepo, mimi nilikuwa nimetangulia na kundi jingine. Amani ilipoonekana kurudi baba alikwenda kutafuta mahali pale. Alikwenda tena mara nyingine. Nyasi zilikuwa zimeota kila mahali, na akarudi bila kuliona kaburi.

Baba alichukua kitabu kimoja kutoka kwenye kitanda, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo, juu mpaka chini, akaishia kwenye fundo. Kisha kingine. Nililia kidogo, mama wa depo naye akalia, nafikiri kwa sababu zake mwenyewe, siku zile kila mtu alikuwa na akiba yake ya machozi. Kisha nikasikia mtu anapiga kelele huko nje, na woga ukanirudia wote.

"Papa, chukua kimoja. Ao bitabu bibili. Tuende."

"Nenda uangalie bwato," akasema bila kunitazama. "Nakuja."

"Unakuja?"

"Nakuja, mutoto wangu."

Nilikwenda. Soko lilikuwa linafungwa saa ambayo soko halifungwi. Mama mmoja alinipita amebeba meza kichwani pamoja na nyanya zilizokuwa juu yake. Ufukoni turubai lilikuwa limeondolewa na injini imeshafungwa mahali pake. Boti ilikuwa imejaa. Mwenye boti alinitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu, akasema, "Muzee iko wapi?" Nikasema anakuja. Akasema, "Mi sina wakati ya kumungoja muzee." Nikamshika mkono, mwanamume nisiyemjua, nikamwomba kwa jina la mama yake. Akasema ataiwasha injini, na ikishawaka haizimi. Nilimwelewa. Nikarusha begi ndani ya boti, ili angalau kitu chetu kiwe kimepanda, nikakimbia tena.

Njiani nilikuwa nimeshaandaa maneno yote. Nilikuwa nitamwambia kwamba mama amekufa na mimi niko hai. Kwamba akibaki hapa kulinda vitabu, ni mimi nitakayebaki naye, na kama watamwita tena ni mimi nitakayesubiri mlangoni. Nilikuwa nitamvuta kwa koti. Nilikuwa na uhakika kwamba hataki kwenda, kwamba amepata sababu aliyokuwa anaitafuta tangu Fizi, na nilikuwa na hasira na mama pia, kwa kushona vizuri namna ile.

Nilimkuta amekaa juu ya mbao za kitanda. Mbele yake, sakafuni, kulikuwa na kitabu kimefunguka, yaani kimefunguka kabisa, kurasa zake zimetawanyika kama unga uliomwagika, kifuniko cha karatasi ya simenti kando. Mkononi alikuwa na uzi mrefu wa kijani, umepindapinda mahali ulipokuwa umepita. Mama wa depo alikuwa amechuchumaa mbele yake ameshika ncha nyingine, na wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa.

"Papa, umefanya nini?"

"Nilitaka kuona namna alikuwa anafunga," akasema. "Nilisema nikijua fundo, hata kule kambini nitashona. Nilisema nifungue moja tu, polepole, niangalie, kisha niirudishe."

"Na?"

Alinyoosha uzi kidogo kuelekea kwangu. Ulikuwa uzi tu. Fundo lilipofunguka lilikuwa limekwisha, na hakuwa ameona uzi ulikopita.

"Mama uyu atakuonyesha," nikasema haraka. "Iko fundo ya wavu, kila muntu wa hapa anaijua. Mama, mufungie, tuende, bwato inaenda."

Mama wa depo alitikisa kichwa taratibu. "Mi nilizaliwa mu nyavu, dada. Baba yangu, bakaka yangu, bote ba nyavu. Iyi haiko fundo ya wavu." Akachukua kitabu kingine, akaligeuza fundo kwenye mwanga wa tundu la bati, akalichokoa kwa ukucha. "Miezi yote nalala hapa nilikuwa najiuliza. Sijaiona kwa muntu. Iko yake mwenyewe."

Nilijaribu na mimi. Nilichukua uzi kutoka kwa baba, nikazungusha kidoleni, nikapitisha chini, nikavuta, na ukatoka bila kushika kitu. Nilikuwa nimekaa mlangoni pale likizo zote za utoto wangu, nikimshikia kopo la sindano, na nilikuwa nikitazama barabara. Kwa mbali injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikawaka.

Baba aliisikia. Alinitazama, kisha akatazama kitanda kile kilichovunjwa, vile vitabu vyote vizima na mafundo yake, na mkono wake ukaanza kwenda kuchukua kingine. Nilimwona anauona mkono wake mwenyewe. Akaurudisha, akasimama haraka, mzee aliyekuwa ananisumbua njia nzima kwa kuchelewa kusimama.

"Tuende," akasema. "Ukiniacha hapa, nitabifungua byote, nikitafuta fundo yake."

Mama wa depo alimnyooshea kimoja kizima, achukue, aende nacho. Baba aliweka mikono nyuma ya mgongo na kutikisa kichwa, na akatoka hivyo hivyo, mikono nyuma, akipita katikati ya mafungu ya karanga na ya mandazi bila kugusa kitu, mpaka nje, na kule nje nilipoushika mkono wake mmoja ili tukimbie alikuwa ameukunja ngumi.